Mali bila daftari: Somo la udongo wa Karagwe na Kyerwa

UKITOKA Kyaka kupanda kuelekea Kayanga, kisha ukapita Omurushaka na kuendelea hadi Nkwenda, utaona mashamba ya migomba na maeneo ya nyasi yakipokezana pande zote za barabara. Kwa mpita njia, migomba yote ni migomba. Ukishuka kwenye gari na kutembea, utagundua jambo ambalo wenyeji wanalijua siku nyingi. Mashamba mawili yanapakana, mvua inayonyesha juu yake ni ile ile na udongo ni ule ule, lakini moja lina migomba minene yenye majani ya kijani iliyokolea, kahawa iliyobeba na maharage chini yake. La pili lina migomba myembamba, mikungu ya chane chache, na chini yake sangari imetanda kama zulia.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Mtu wa kwanza atasema ni mvua. Wa pili atasema ni mbegu. Wa tatu atasema jirani ana mkono wa baraka. Katika miaka ya karibuni wanafunzi wa shahada za uzamivu wameingia katika vijiji vya Kagera wakiwa na futi kamba, mizani na mifuko ya kubebea udongo kutafuta jibu kwa kupima, na majibu yao yanakubaliana kwa jambo moja kubwa. Mimea inayoota shambani ni matokeo ya hesabu: nini kimetoka, na nini kimerudi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo nao ni mali. Makala haya yanajaribu kulifungua daftari lake kwa lugha ya mkulima, kwa sababu yanayoamuliwa hapa ni chakula cha kaya na mapato ya kahawa ya wilaya mbili ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja ya Karagwe.

Ardhi ya aina tatu

Kwa asili, kaya ya mkulima katika eneo hili ilitegemea ardhi ya aina tatu, na kila moja ilikuwa na mimea yake.

Ya kwanza ni kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Humo kuna migomba, kahawa, maharage, mahindi machache, maboga na magimbi, na juu yake miti ya kivuli na matunda: mparachichi, mfenesi, mgrevilea, mti wa asili unaoitwa omushambya na mwingine unaoitwa omuhumula. Ni msitu mdogo uliopangwa na binadamu. Jani la mgomba linaloanguka ni matandazo, mti unaotoa kivuli unaikinga kahawa na jua kali, na maharage yanaongeza naitrojeni.

Ya pili ni msiri, shamba la wazi la mazao ya msimu kama mahindi na maharage. Ya tatu ni rweya, yaani eneo la nyasi. Huko ng'ombe walichungwa mchana, huko nyasi za matandazo na za kuezekea zilikatwa, na huko akina mama walilima njugu mawe na numbu katika vipande vilivyopumzishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kulimwa tena.

Msomaji aangalie vizuri mtiririko wa mali katika mpangilio huu. Ng'ombe alikula rweya mchana na kulala nyumbani usiku. Samadi yake ikaingia kibanjani. Nyasi za rweya zikakatwa na kutandazwa chini ya migomba. Kwa maneno mengine, rweya ilikuwa inalipa na kibanja kilikuwa kinapokea, kwa vizazi vingi. Rutuba tunayoisifu katika vibanja vya zamani haikuwa ya bure, bali ilihamishwa kutoka mahali pengine kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya akina mama.

Mpango huo ulifaa pale ardhi ilipokuwa nyingi na watu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 mkoani Kagera, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni tatu. Watu nusu milioni zaidi katika miaka kumi wanahitaji mahali pa kujenga na kulima. Vipande vya rweya vimegeuzwa kuwa mashamba ya msimu, vingine vimepandwa mikaratusi na misindano na kuwa mali ya mtu mmoja mmoja. Kaya nyingi hazina ng'ombe kabisa. Aliyekuwa analipa amepungukiwa, lakini kibanja bado kinadai.

Mtafiti wa hapa aliyeanza kuhesabu

Mmoja wa waliolipima jambo hili mapema ni Dk. Frederick Baijukya, Mtanzania aliyefanya utafiti wake katika Wilaya ya Bukoba, jirani na Karagwe. Mwaka 1998, akiwa na mwenzake, alichapisha mizania ya virutubisho katika mashamba ya migomba ya Bukoba. Matokeo yao yalionyesha kuwa kaya zenye ng'ombe zilikuwa na nafuu, na zile zisizo na ng'ombe zilikuwa zinatoa kwenye udongo zaidi ya zinachorudisha. Kwa lugha ya benki, zilikuwa zinakula mtaji.

Mwaka 2004 Dk. Baijukya alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kwa tasnifu iliyohusu mabadiliko ya kilimo cha migomba kaskazini magharibi mwa Tanzania. Swali lake lilikuwa la vitendo. Kama samadi haitoshi, je, mimea jamii ya mikunde inayopandwa kwa ajili ya kurutubisha ardhi inaweza kuziba pengo? Miongoni mwa mimea aliyoichunguza ni wa jamii ya marejea na mwingine wa jamii ya utupa. Mimea hiyo huchukua naitrojeni hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi, na majani yake yanapofukiwa au kutandazwa huiacha naitrojeni hiyo kwa mahindi yanayofuata.

Hapa mkulima atauliza swali la haki: nitapanda marejea nisiyoila mahali pa maharage ninayokula? Ndilo swali gumu la mbolea ya kijani. Mwenye robo ekari hawezi kuacha ardhi msimu mzima kwa mmea usioingia chunguni wala sokoni. Njia inayowezekana ni kuupanda pembezoni mwa shamba, kwenye kontua, au kwenye kipande ambacho tayari kimechoka kiasi kwamba mavuno yake hayarudishi gharama ya mbegu.

Vitalu vya mita tisa za mraba

Miaka kumi na zaidi baadaye utafiti ulihamia Karagwe yenyewe. Ariane Krause, aliyekuwa mtafiti wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, alifanya jaribio la shambani kwa kushirikiana na Mavuno, shirika la wakulima la Karagwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitaalamu la sayansi ya udongo.

Jaribio lilikuwa rahisi kueleweka. Zilitengwa sehemu ndogo, kila moja ya mita za mraba tisa, na kila aina ya matunzo ikarudiwa mara tano katika sehemu tofauti za shamba, ili isije ikaonekana mbolea imefanya kazi kumbe ni kona moja tu yenye rutuba. Katika kila kitalu yalipandwa kwa mseto mazao saba yanayolimwa na wenyeji. Baadhi ya vitalu havikuwekewa kitu. Vingine viliwekewa tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi, vingine mboji ya kawaida, na vingine mboji maalumu iliyochanganywa mkaa uliosagwa na kinyesi cha binadamu kilichouliwa vijidudu.

Watafiti waliandika mavuno ya mahindi kwa tani kwa hekta. Nimeyageuza kuwa magunia ya kilo 100 kwa ekari, kipimo ambacho mkulima wetu anakitumia.

Vitalu ambavyo havikuwekewa kitu vilitoa tani 1.10 kwa hekta, sawa na magunia manne na nusu kwa ekari. Vilivyowekewa tope la biogesi vilitoa tani 2.63, yaani magunia kumi na nusu hivi. Vya mboji ya kawaida vilitoa tani 3.18, karibu magunia 13. Vya mboji maalumu vilitoa tani 4.40, ambazo ni karibu magunia 18 kwa ekari. Kutoka magunia manne na nusu hadi 18, bila mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani.

Lakini tarakimu iliyonigusa zaidi haikuwa hiyo. Watafiti walipima pia kama mboji iliufanya udongo utunze maji zaidi, wakakuta hakuna tofauti ya maana kati ya vitalu. Kwa hiyo mahindi ya kitalu kimoja hayakuyashinda ya kingine kwa sababu ya maji, bali kwa sababu ya chakula kilichokuwa ardhini. Ni mara ngapi tunailaumu mvua kwa kosa ambalo si lake?

Udongo unaoshika kama ngumi

Kwa nini mboji ilifanya kazi kubwa kiasi hicho? Jibu liko katika aina ya udongo. Udongo uliotumika katika jaribio ni wa kundi ambalo wataalamu huliita andosoli. Udongo wa aina hii una tabia ya kuishika fosforasi kama ngumi iliyofumbwa. Fosforasi inaweza kuwamo, lakini mmea hauipati, na bila fosforasi mizizi haikui na nafaka haijai.

Uchachu wa udongo nao una nafasi yake. Kipimo cha pH huonyesha uchachu: saba ni katikati, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Vitalu vya mboji maalumu vilipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi inayopatikana kwa mimea ikapanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kilo ya udongo, karibu mara tisa. Ngumi ilifunguka.

Suala la uchachu linatupeleka mbali kidogo, hadi Rothamsted nchini Uingereza. Huko kuna shamba la nyasi ambalo limekuwa likifanyiwa jaribio moja tangu mwaka 1856. Shamba ni lile lile na mvua ni ile ile, isipokuwa kila sehemu hupewa mbolea tofauti. Sehemu zisizopewa kitu zimebaki na aina zaidi ya 30 za mimea. Sehemu zilizopewa salfeti ya amonia kwa wingi mwaka baada ya mwaka bila chokaa zimekuwa chachu mno, na aina za mimea zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Salfeti ya amonia ndiyo ile SA ambayo mkulima wa Tanzania anaijua.

Nisieleweke vibaya kwamba mbolea ya dukani ni sumu. Somo la Rothamsted ni kwamba kila tunachoiwekea ardhi, na kila tunachoacha kuiwekea, kinachagua mimea ipi ikae na ipi iondoke. Mkulima wa Kyerwa anaweza kuliona hilo bila kupanda ndege. Pale ambapo kishona nguo kinaota kwa afya na kung'oka kwa urahisi, udongo kwa kawaida bado una nguvu. Pale ambapo sangari imefunga kila mahali na kuizuia jembe, ardhi imechoka. Magugu hayawezi kuchukua nafasi ya maabara, lakini yanatoa taarifa ya awali, na hayatozi ada.

Kaya 150, vipato sita vya udongo

Jaribio la vitalu linaonyesha kinachowezekana. Halionyeshi kinachotokea nyumbani, ambako kuna watoto wa kupeleka shule, mgonjwa wa kuuguza na jembe moja kwa watu watatu. Pengo hilo lilijazwa na mtafiti mwingine, Anika Reetsch, aliyefanya kazi yake chini ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyoko Dresden, Ujerumani. Utafiti wake na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia takwimu za kaya 150 za wakulima wa migomba na kahawa mkoani Kagera, pamoja na majadiliano na wakufunzi 22 wa shamba darasa waliokuwa wamefundisha kaya zipatazo 750 utunzaji endelevu wa ardhi.

Utafiti haukuwachukulia wakulima wote kuwa kundi moja. Ulizigawa kaya katika aina sita kulingana na mambo kama mafunzo na mifugo, kisha ukafanya mizania ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu katika kibanja cha kila aina. Kinachoingia upande mmoja, kinachotoka upande mwingine.

Matokeo yanamhusu kila mwenye kibanja. Kaya zilizopata mafunzo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mizania chanya kuliko zisizopata. Tofauti kubwa ilitokana na mambo ya kawaida kabisa: je, samadi inakusanywa au inaachwa ilipoanguka? Inahifadhiwa chini ya paa, au inanyeshewa na kuchomwa na jua hadi nguvu yake iishe? Je, kaya inanunua malisho kutoka nje? Mtu anaweza kuwa na ng'ombe watatu na bado akawa na kibanja chenye njaa, kwa sababu samadi yao yote iko njiani na machungani.

Watafiti walikokotoa pia mizania ingekuwaje kama kaya zingechukua hatua zaidi: kutumia asilimia 80 ya mkojo wa binadamu unaopatikana nyumbani, kufukia nusu tani ya marejea kwa mwaka, kutengeneza mita za ujazo tano za mboji maalumu kwa mwaka, au kufanya yote kwa pamoja. Kwa kaya zisizo na mafunzo, kila moja ya hatua hizo ingeboresha mizania. Hata hivyo walitaja bayana vikwazo: kukusanya samadi na kutengeneza mboji ni kazi ngumu, nguvukazi ni haba, kiangazi kinarefuka, na kaya hazina uwezo sawa. Walisema pia kuwa maadamu vikwazo hivyo vipo, mbolea ya viwandani peke yake haitamaliza tatizo, kwa kuwa udongo unahitaji pia mabaki ya mimea na wanyama.

Hesabu ya ndoo

Hapa ndipo mchumi anapoomba nafasi. Mita za ujazo tano za mboji ni nini hasa? Ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20. Katika utafiti huo kiasi hicho kilipangiwa eneo la mita za mraba 600, ambalo ni karibu sehemu moja ya saba ya ekari. Kama migomba imepandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hayo ni mashina kama 66, na kila shina litapata ndoo tatu hadi nne.

Ukitaka kuiwekea ekari nzima kwa kipimo hicho ndani ya mwaka mmoja, unahitaji karibu ndoo 1,700. Hakuna kaya ya kawaida yenye malighafi wala mikono ya kuzitengeneza. Ndiyo maana wakulima wengi wanaosikia habari za mboji wanajaribu mara moja, wanaitawanya nyembamba katika ekari nzima, hawaoni tofauti, na wanaacha.

Lakini ndoo 250 kwa mwaka ni ndoo tano kwa wiki. Hiyo si ndoto, ingawa malighafi ni mengi zaidi ya hapo kwa kuwa mboji hunywea inapoiva. Ushauri wangu kwa hiyo ni kuacha kuitawanya. Chagua sehemu moja ya saba, iliyo karibu na nyumba au yenye migomba iliyo hoi, uipe mboji yote ya mwaka huo. Mwaka unaofuata hamia sehemu ya pili. Ukimaliza mzunguko, ekari nzima itakuwa imeguswa, na tangu msimu wa kwanza utakuwa na kipande cha kulinganisha na kingine ili ujue kama jasho lako linalipa.

Pia usichukue magunia 18 ya jaribio ukaenda nayo kukopa. Ekari moja ina vitalu 450 vya ukubwa ule wa mita za mraba tisa, na kitalu kinachotunzwa na mtafiti hakifanani na shamba la mtu mwenye shughuli nyingine kumi. Hata ukipata nusu ya ongezeko lile, bado utakuwa umevuna zaidi ya mara mbili ya shamba lisilowekewa kitu.

Swali jingine ambalo halipaswi kufichwa ni hili: ndoo hizo tano zitabebwa na nani? Katika kaya nyingi mbebaji wa nyasi, maji na samadi ni mama na watoto, wakati pesa ya kahawa inapokelewa na baba. Mafunzo yakimfikia anayepokea pesa na kazi ikamwangukia asiyepokea, mboji haitadumu. Toroli moja inaweza kuwa na thamani kuliko semina tatu.

Choo, jivu na mkojo

Kuna wasomaji watakaokunja uso kusikia mkojo na kinyesi vinatajwa pamoja na chakula. Hisia hiyo ni halali na haipaswi kudharauliwa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni tunayokula hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Ndizi na maharage vinatoka kibanjani, vinapita mezani, na mwisho wake ni shimo refu ambako mizizi haifiki. Daftari linaonyesha matumizi bila marejesho.

Usalama lakini hauna mjadala. Kinyesi kibichi hakiingii shambani kamwe. Kile cha jaribio la Karagwe kiliuliwa vijidudu kwanza, ndipo kikaingia kwenye mboji. Mkojo ni salama zaidi ukitenganishwa na kinyesi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka upite angalau mwezi mmoja kati ya kuuweka mara ya mwisho na kuvuna. Mgomba na kahawa ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko mchicha.

Kwa asiye tayari kwa hilo, jivu la jikoni linabaki kuwa mali inayotupwa. Lina potasiamu, ambayo mgomba huihitaji kwa wingi, na husaidia kupunguza uchachu. Kila mkungu unaopakiwa kwenye lori umebeba potasiamu ya Karagwe na hautairudisha.

Deni la rweya

Limebaki swali moja ambalo mizania ya kibanja peke yake haiwezi kulijibu. Mkulima anayefugia bandani na kununua mabingobingo na nyasi anapata mizania chanya. Vizuri. Lakini nyasi hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwa jirani aliyeziuza kwa kuwa ana shida ya fedha, au zimetoka rweya isiyo na wa kuisemea. Faida ya daftari moja ni hasara ya jingine. Ndiyo maana watafiti walisisitiza kuwa hesabu iangalie mipaka yote ya shamba, pamoja na kinachoondoka kama malisho na miti.

Rweya nayo inabadilika kimya kimya. Katika maeneo ya nyasi ya Afrika Mashariki, nyasi nzuri za malisho kama zile za jamii ya Themeda hupungua panapolishwa kupita kiasi, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi fupi zisizopendwa na mifugo pamoja na vichaka. Mchunga ng'ombe huliona hilo kabla ya mtafiti: anatembea mbali zaidi kila mwaka na ng'ombe wanarudi na matumbo yaliyobonyea.

Serikali za vijiji zina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi. Kipande cha rweya kinachopumzishwa kwa zamu, eneo la kukata nyasi linalojulikana, na mipaka ya upandaji wa mikaratusi ni mambo yanayoweza kuamuliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa muhtasari na mihuri. Pasipo na uamuzi, mwenye pesa huamua peke yake.

Matokeo yarudi kijijini

Jambo la mwisho linaihusu taaluma yangu mwenyewe. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, huchapishwa katika majarida ya nje na kuhifadhiwa kwenye maktaba ambazo mkulima aliyejibu maswali ya saa mbili hatazifikia. Mtafiti anapata shahada, na ni haki yake. Mkulima aliyetoa muda, udongo na siri za kaya yake naye anastahili kupata jibu. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kuweka sharti dogo: kila mtafiti anayepewa kibali aache ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye vipimo vya ekari, magunia na ndoo, ukabandikwe kwenye ofisi ya kata na kusomwa kwenye shamba darasa.

Wakati hayo yanasubiriwa, mkulima anaweza kuanza mwenyewe. Nunua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto andika kila kinachotoka: mikungu iliyouzwa, debe za maharage, kahawa iliyopelekwa chama cha msingi, nyasi zilizouzwa. Ukurasa wa kulia andika kila kinachorudi: ndoo za mboji, mizigo ya matandazo, samadi, jivu, mbolea ya dukani. Fanya hivyo msimu mmoja tu wa vuli na mmoja wa masika. Kisha mwite afisa ugani, mfungulie kurasa hizo mbili kabla hamjaenda kuangalia migomba. Atakapoiona migomba yenyewe, hatahitaji kuuliza mengi.